Soda Iliyotolewa Gesi

Mimi nina mdomo, mtaa mzima unajua, lakini ushindi ninaousimulia hapa si wangu. Ni wa wifi yangu, mke wa kaka. Tangu aolewe, kila alichoambiwa na mama yangu alijibu "ndiyo, mama", mpaka mimi nikambandika jina la Bi Ndiyo. Akiambiwa chumvi imezidi, ndiyo mama. Akiambiwa haijakolea, chungu kile kile, ndiyo mama.

Sisi ni mafundi wa kushona. Sebule yetu ndiyo karakana: cherehani yangu iko mlangoni, yake dirishani, na mama katikati na sindano yake, anapiga vifungo na kutoa amri. Kaka ni fundi muashi, na ukimuuliza lolote atakujibu "tutaona." Yeye na wifi walikaa miaka na miaka bila mtoto, na maneno ya watu waliyala mpaka wakashiba. Basi mimba iliposhika, mama nusura apagawe kwa furaha.

Kichefuchefu kilimtesa sana wifi, na kilichokubali kukaa tumboni ni soda baridi tu. Mama akaleta kreti nzima, zote nyekundu, kwa sababu eti nyekundu inaongeza damu. Nani alimwambia hayo, Mungu ndiye ajuaye. Hata kichefuchefu kilipokwisha, soda hazikwisha. Wifi anashona sare za shule, chupa iko miguuni. Ikiisha, mama anamletea nyingine kwa mkono wake mwenyewe, imeshafunguliwa. Sasa mkono wa mama mkwe unaurudishaje?

Kliniki wakamtoboa kidole, sukari ikakutwa juu. Mkunga alimweleza bila kuficha kwamba sukari ya namna hiyo humnenepesha mtoto tumboni kupita kiasi, kuzaa kukawa kwa shida, na mtoto mwenyewe akatoka sukari yake imeporomoka. Akamwambia aache soda, anywe maji, apunguze wanga, atembee kila siku. Wifi alirudi amenywea. Miaka yote ile alikuwa akiogopa kwamba hatapata mtoto. Sasa amempata, na anaogopa kumpoteza.

Mama alisikiliza yote, halafu akatoa hukumu. Kinachodhuru ni gesi, alisema, ndiyo inayomsukuma mtoto kifuani. Tangu siku hiyo akawa anamimina soda kwenye jagi asubuhi na mapema na kuikoroga kwa mwiko mpaka povu lote life. Ikishatulia anammiminia wifi kikombe, anamwambia hiyo si soda tena, ni dawa ya damu. Nilijaribu kubisha, nikaulizwa nimezaa wangapi. Mimi sijazaa hata mmoja, nikarudi kwenye cherehani yangu. Wifi akanywa. Ndiyo, mama.

Kipimo cha pili nilimsindikiza mimi. Sukari ilikuwa imepanda zaidi. Mkunga akamuuliza kama ameacha soda, naye akaapa kwamba ameacha, anakunywa ile iliyotolewa gesi tu. Mkunga akaweka kalamu chini.

"Gesi imetoka," alisema. "Sukari imekwenda wapi?"

 Wifi aliambiwa arudi wiki inayofuata. Ikiwa bado iko juu ataanzishiwa sindano za kushusha sukari na kuhamishiwa hospitali kubwa. Njia nzima alishika tumbo kwa mikono miwili, na mimi kwa mara ya kwanza maishani nikakosa la kusema.

Tulipofika, mama alikuwa ameshajaza kikombe. Wifi akakipokea kwa adabu, akapiga goti kidogo kama kawaida yake, akaenda nacho jikoni. Akamimina kikombe na jagi lote kwenye sufuria, akawasha moto. Mama akamfuata akiuliza huo ni wazimu gani. Wifi anakoroga tu. Soda ikatoa mvuke, ikapungua, ikapungua tena, mpaka chini ya sufuria kukabaki uji mzito mwekundu unaovutika kama gundi. Mwiko ukanasa. Jiko zima lilinuka sukari ya kuungua.

"Mama, hiki ndicho anachokula mjukuu wako," wifi alisema.  "Chako chochote sijawahi kukikataa. Hiki nakikataa. Leo, kesho, na hata ukinichukia."

Jamani, nilishika ukuta. Kaka alikuwa mlangoni na vumbi lake la saruji. Akafungua kinywa, nami nikamwambia akithubutu kusema tutaona, atalala nje.

Mama akaushika mwiko, akauvuta, haukutoka. Akaitazama ile sufuria kwa muda mrefu. Mama yangu ni mbishi, lakini alichokiona kwa macho yake habishani nacho. Akabeba kreti yenyewe kichwani, chupa zilizobaki zikigongana, akairudisha dukani. Aliporudi alikuwa amevaa viatu vya kutembelea, akamwambia wifi anyanyuke, giza linakuja na hawajatembea.

Wiki ile walizunguka mtaa kama askari doria. Mama anatangulia, wifi anafuata, na mwenye duka akijaribu kuwakaribisha kinywaji anapewa maneno yake. Wifi alikunywa maji, akala kama alivyoelekezwa, na siku ya kipimo tukafunga karakana tukaenda sote. Mkunga akasoma, akapima tena kuhakikisha, akatabasamu. Imeshuka. Mama alipiga kigelegele mpaka akakemewa na mlinzi, akaomba radhi, akapiga kingine.

Sukari haikupanda tena. Mtoto alizaliwa pale pale kliniki, wa kike, uzito wa kawaida kabisa, na sauti ya kuzidi yangu. Tulipoingia wifi alikuwa amejiegemeza kwenye mto, amechoka, anang'aa. Mama alipiga hatua mbili kuelekea kitandani akasimama. Mwanamke huyu hajaomba ruhusa ya mtu tangu nimjue.

"Mwanangu," alimwambia wifi, "unaniruhusu nimpakate?"

Wifi akamtazama kwa raha zake zote, akamwacha asubiri kidogo.

"Nawa mikono kwanza," akasema.

Na mama yangu akaenda kunawa.