Reli za Kugusa

Mzee Kaloki alipitisha treni stesheni ya Kajiado miaka ishirini na saba, na hata siku moja hakuruhusu treni kwa neno la mdomo. Dereva asiposhika mkononi tokeni, kile chuma cha kibali cha njia, haondoki, apige honi mpaka mbuzi wakimbie. Leo amestaafu, yuko kwake Kitengela, halafu mtu anamwambia, "Amini tu, mzee"? Thubutu!

Mtu mwenyewe alikuwa Ngigi, fundi wa redio. Padri mmoja Mmarekani, akirudi kwao, alimwachia Kaloki treni ya kuchezea, lakini kisanduku chake cha umeme kilikuwa cha stima ndogo ya huko kwao, na hapa kingeungua. Ndipo Ngigi akaunda kingine, hakina kifuniko, nyaya zimefungwa kwa selotepu.

"Kinatoa volti kumi na mbili tu. Hakiwezi kuua hata kuku."

Kaloki akachukua tester, ile bisibisi yenye kataa ndani, isiyowaka ila kwa stima ya ukutani, akagusa reli. Kataa kakawaka.

"Na hii?"

"Ah, hiyo ni kidogo. Nani atagusa reli?"

Kaloki alipandwa na hasira. Mjukuu wake Mutheu, wa miaka saba, haoni tangu azaliwe. Treni ataijuaje kama si kwa kuipapasa?

"Macho yake ni vidole, Ngigi! Toa hiyo takataka mezani kwangu."

Mkewe Muthoki alikuwa amekaona kale kataa. "Baba Nzomo, huyo mtoto hagusi hiyo kitu. Mwambie iliharibika."

"Nilimwahidi."

"Basi mnunulie peremende."

Kesho yake Kaloki akatoa stoo betri ya gari, ile waliyotazamia TV kabla ya kuwekewa stima, akaipeleka kuchajiwa. Muthoki akashika kiuno. "Ala! Tumengoja stima miaka tisa, leo unaturudisha kwa betri? Majirani watasemaje?"

"Waseme mpaka wachoke. Reli za Mutheu hazitaunganishwa na ukuta."

Betri akaifungia nje, verandani, ndani ya sanduku la mbao lenye kufuli. Kando yake akaweka fyuzi ndogo, ili nyaya zikigusana ikatike fyuzi, nyumba isiungue. Akawasha. Akagusa reli kwa tester. Kataa kakabaki giza. Akalowesha vidole, akashika reli zote mbili, akahesabu mpaka mia.

"Sasa wewe," akamwambia mkewe. "Sitaki uniamini kwa mdomo."

Muthoki alinung'unika, akatema mate vidoleni, akashika. Akangoja. Akashika tena kwa nguvu zaidi. Kisha akaenda kumleta Mutheu, akauweka mkono wa mtoto kwenye kiganja cha Kaloki.

Mzee akaufunga mkono ule ndani ya wake.

"Tokeni nimepokea," akasema, kisha akauweka mkono juu ya reli na kuzungusha swichi.

Treni ilikuwa bado upande wa pili wa meza, nyuma ya katoni ya maziwa, Mutheu alipopiga kelele, "Babu, inakuja!"