Wimbo wa Kumpita Ngamia

Mimi na farasi wangu Halua tulikuwa na ugomvi mmoja tu: ngamia. Kila tulipomwona ngamia wa kubeba watalii pale ufuoni Diani, Halua aligeuka akakimbia, nami nikavuta hatamu huku nikimtukana hadi koo likaniuma.

“Kache, humfundishi, unamtisha,” akasema mwalimu wangu, Eddah. “Ukimwona ngamia unabana pumzi, naye anakusikia mgongoni. Legeza hatamu, uimbe. Anayeimba hawezi kubana pumzi.”

Upuuzi mtupu, nikasema moyoni. Lakini asubuhi ile ngamia alipotokea, nililegeza hatamu nikapaza wimbo pekee ulionijia kichwani, ule wa kumtoa bi harusi ndani. Mimi, ambaye hata kwaya ya kanisa ilinikataa!

Halua akasimamisha masikio. Akatembea. Akazidi kutembea, tena kwa madaha kama bi harusi mwenyewe, nami nikazidisha sauti, machozi ya kicheko yakinitoka. Tukamkaribia ngamia, tukawa naye ubavu kwa ubavu.

Mara mmoja wetu akageuka, akatimua mbio kuelekea Tiwi, mchanga ukiruka nyuma yake.

Ngamia.