Yupo Tu Manila

Siku ya tisa ya sensa, Maura Tatel alikuwa amebakiza kaya moja tu katika kijiji cha Tagbakan, nayo ni kaya yake mwenyewe. Mwanzoni alisema ataanza na hiyo, apate kuzoesha mkono. Halafu akasema atamalizia na hiyo, afunge kazi nyumbani. Ukweli ni kwamba aliogopa swali la kwanza kwenye dodoso, swali ambalo kwa siku nane alikuwa akiwauliza wenzake bila kupepesa macho: nani wanaishi hapa?

Mumewe Dencio aliondoka miaka saba iliyopita, mwezi mmoja baada ya tufani iliyoilaza migomba yote ya abaka kisiwani. Mgomba wa abaka hauna ndizi ya maana. Mali yake ni nyuzi za kamba zilizomo shinani, na ukishalala chini itapita karibu miaka miwili ndipo uukate tena. Dencio alisema miaka miwili hiyo hawezi kuila kwa macho. Angekwenda Manila kubeba zege, na migomba ikisimama angerudi. Migomba ilisimama. Ikakatwa, ikachipua, ikakatwa tena, na Maura ndiye aliyezianika nyuzi kwenye fito kila msimu. Dencio yupo tu Manila.

Hivyo ndivyo wanavyosema Tagbakan, yupo tu Manila, utadhani Manila iko nyuma ya kanisa, na si kupanda meli asubuhi na kushuka kwenye basi kesho yake miguu imevimba. Muulize mama yeyote ana watoto wangapi nyumbani, atakutajia wote saba kuanzia kifungua mimba. Ukiuliza wanalala wapi ndipo unaambiwa mmoja yupo tu Manila, mwingine yupo tu Laguna, huyu yupo tu Dubai. Wala hawasemi uongo. Mtoto aliyeleta sabuni na makopo ya nyama mwezi uliopita, kwao hajatoka nyumbani. Mkoa mzima unaishi kwa abaka na kwa watu wa namna hiyo, na kati ya hivyo viwili, abaka angalau unaiona kwenye fito.

Kitabu cha makarani kilikuwa na mawazo mengine. Aliyevuka bahari kwa mkataba huhesabiwa kwao, mradi hajapitisha miaka mitano. Aliyekwenda kutafuta kazi humu humu nchini, asiporudi nyumbani walau mara moja kwa wiki, anahesabiwa huko anakolala. Kwa hiyo binti wa Nay Brigida (Nay ndiyo mama kwa lugha yao), aliyekuwa akilea watoto wa watu Kuweti na ambaye Tagbakan haijamwona mwaka wa nne, alikuwa mkazi. Kaka zake watatu wa Manila, waliokuja Krismasi wakamaliza nguruwe mzima, hawakuwa wakazi.

"Unaniulia wanangu," Nay Brigida alimwambia siku ya tano, amesimama mlangoni mikono kiunoni.

"Siwaui, Nay. Watahesabiwa Manila."

"Na nani? Huyo karani wa Manila anamjua Nestor wangu anavyoogopa radi?"

"Karani haulizi mambo ya radi."

"Basi waandike wote wanne, tuagane kwa wema. Nimepika magimbi."

"Magimbi nitakula, Nay. Nestor simwandiki."

Akala kweli, majani ya magimbi kwa tui zito na pilipili za kukutoa machozi, na Nay Brigida akamwongezea wali mara mbili, maana hasira zake hazijawahi kufika kwenye sufuria. Lakini wakati wa kumsindikiza hakumwacha hivi hivi.

"Tutaiona hiyo kanuni yako ikifika kwa Dencio," alisema. "Na yeye utamfuta?"

Maura alijitia anatafuta kitu mkobani, akaenda zake.

Maneno hayo yalimtangulia nyumba kwa nyumba. Siku ya saba alipopita kwenye fito za kuanikia, wanawake waliokuwa wakichambua nyuzi walikatiza mazungumzo, mmoja akaanza kusifu hali ya hewa. Maura aliona afadhali wangemtukana. Mtoto mmoja wa Nay Brigida huyo huyo aliwahi kumkuta Dencio sokoni Manila, amebeba mtoto mchanga begani, mwanamke nyuma yake anachagua samaki. Mwaka wa nne huu Tagbakan nzima inajua, na Tagbakan nzima inamsitiri Maura kwa kutomwambia. Naye anawasitiri kwa kujitia hajui. Ni kazi ya kuchosha kuliko kuanika abaka, na hakuna anayekulipa.

Asubuhi ya siku ya tisa alimjia njiani Kapitan Ireneo, mkuu wa kijiji, aliyesoma naye darasa moja. Alikuwa amejumlisha mwenyewe kwenye kipande cha katoni.

"Mia mbili tisini na saba," alisema kwa uchungu. "Nilitaka mia tatu, Maura. Mgao wa serikali unafuata vichwa."

"Basi oa, Kapitan. Una umri wa kutosha."

"Mimi nakwambia ya maana unanifanyia mzaha. Nyumba yako bado, si ndiyo? Andika watu wako vizuri. Wewe, Nay Sorsing, na Dencio."

"Dencio hayupo."

"Mume ni mume. Yupo tu Manila." Aliyasema kwa upole, macho yakiwa kwenye katoni, na Maura akamchukia kwa upole ule. Hata hivyo, njia nzima ya kurudi nyumbani maneno yale yalimzunguka kichwani, na alipofika kwenye ngazi ya mlango alikuwa amekata shauri. Atamwandika, liwalo na liwe. Asipomwandika, atakuwa amekubali kwa mkono wake mwenyewe, mbele ya serikali na mbele ya Nay Brigida, kwamba hana mume.

Nay Sorsing, mama mzaa Dencio, alikuwa ameketi dirishani akiunga nyuzi za abaka ncha kwa ncha kwa ajili ya wafumaji wa mjini. Alimwona mkwewe akitandaza karatasi mezani.

"Leo ndiyo zamu yangu?" alisema. "Nilidhani mimi si mtu."

"Nilikuweka mwisho kwa heshima, Nay."

"Heshima gani ya siku tisa? Haya, uliza kama unavyowauliza wengine. Usinirukie hata kimoja."

"Mkuu wa kaya?"

"Mimi. Consorcia Tatel, mjane, miaka sabini na mmoja. Nyumba aliniachia marehemu."

Maura aliandika. "Wengine wanaoishi hapa?" aliuliza, na kabla bibi hajafungua kinywa, akashuka mstari wa pili akaanza kuandika mwenyewe.

"Unaandika nini?"

"Dencio."

"Nimekwambia umwandike?"

"Ni mwanao, Nay."

"Najua ni mwanangu, niliugua uchungu wake siku mbili." Nay Sorsing aliweka nyuzi mapajani. "Mfute. Dencio ameshahesabiwa."

Maura akamtazama.

"Alipiga simu Jumanne, wewe ulikuwa ng'ambo ya mto. Anacheka. Anasema, Nay, hata huku wa sensa wamepita, karani mwenyewe mkali kama Maura. Wameandikwa wanne."

"Wanne."

"Yeye na huyo mwanamke. Na watoto wawili. Mdogo ana miezi mitano."

Kwa miaka minne Maura alikuwa amejiandaa kwa mtoto mmoja. Siku watakayomwambia, alishajua atainamisha kichwa vipi, atasema nini, atakwenda kulilia wapi. Huyu wa pili hakuwa amejiandaa naye hata kidogo. Aliumia, akaona aibu kwamba bado anaweza kuumia.

"Umejua tangu lini, Nay?"

"Tangu huyo wa kwanza."

"Na kila Jumapili ukinipa simu niongee naye, mtandao unakatika."

"Haukukatika. Nilikuwa nakata mimi. Niliogopa atakwambia." Bibi hakulia; alisema kama mtu anayetaja bei ya abaka. "Ungefunga nguo zako ukarudi kwa kaka yako kule Bato, na ungekuwa na haki. Mume hayupo, mtoto hukujaliwa. Kitu gani kikukalishe hapa na kizee kinachokohoa?"

Hasira zilimpanda Maura mpaka masikioni. Alimkasirikia Dencio, akamkasirikia zaidi huyu aliyekula naye sahani moja kila siku na kumkatia simu kila Jumapili. Akachukua kifutio. Herufi zilikuwa tatu tu, lakini alizifuta mpaka karatasi ikachakaa pale. Kisha, kwa kuwa mikono ilitaka kazi, akaruka chini kwenye maswali mengine.

"Paa la nini?"

"Bati. Si unaliona?"

"Maji?"

"Ya bomba la kijiji, yakitoka."

"Kaya inategemea nini kuishi?"

"Abaka," Nay Sorsing alisema. Akafikiri. "Na wewe."

Maura aliandika abaka. Maswali yakaisha, ikabidi arudi juu, kwenye mstari wa pili uliochakaa. Jina, na mbele yake uhusiano na mkuu wa kaya. Kitabu kilikuwa na jibu lake, mke wa mwana. Kalamu ikasimama hapo. Nje kulikuwa na kuku waliokuwa wakigombania kitu, na mashine ya kukwangulia abaka ilinguruma kwa mbali. Nay Sorsing alikuwa amezishika tena nyuzi zake, anatafuta ncha haioni, anageuza huku, anageuza huku.

"Umeandika wangapi?" aliuliza bila kuinua uso.

"Bado sijamaliza."

"Nauliza tu." Bibi akakohoa, akaendelea kuitafuta ile ncha. "Wewe umo?"

Maura alimtazama vile vidole mpaka hasira zikakosa pa kushika.

"Nimo, Nay," alisema. Akaandika jina lake, na pale kitabu kilipotaka mke wa mwana, akaandika binti.