Anayetembea Si Mgonjwa

Nilimchukia Pankras kabla sijajua jina lake. Alikuwa amesimama kwenye lango la hospitali ya misheni ya Lihwiga, koti kuukuu la kijeshi limemfika magotini, fimbo mkononi, na kitu cha kwanza alichokitazama kwa mama yangu kilikuwa miguu. Siyo uso. Miguu. Mama alikuwa na vumbi mpaka kwenye goti. Tulikuwa tumetoka Tingi, tukalala njiani, tukapanda mlima ule ambao hata mzima anaupanda akihema, na midomo yake ilikuwa imeshageuka rangi ya majivu.

"Mmekuja kwa miguu?" akauliza.

"Kwa miguu, baba. Shikamoo."

"Benchi lile pale ukutani. Anayetembea si mgonjwa."

Hata marahaba hakuitikia.

Ilikuwa mwaka wa hamsini na saba, msimu wa kuchuma kahawa, baridi ikiwa imekaza, ilipotufikia ile homa ya mafua. Waliosikiliza redio ya mapadri walisema imetoka Uchina ikazunguka dunia kwa meli. Kwetu haikuja kwa meli. Ilikuja na vijana waliorudi kutoka manamba, kwenye mashamba ya mkonge, wamepanda lori mpaka Songea, wanakohoa na masanduku yao mapya ya bati. Tuliwapokea kwa vigelegele. Mgeni njoo, mwenyeji apone, ndivyo tunavyosema, na safari hii mgeni alikuja na mwenyeji akalala chini.

Sitaki kumwonea mtu, kwa hiyo nitalieleza jambo la lango kama lilivyokuwa. Pale hospitali daktari alikuwa sista mmoja mzungu, na yeye mwenyewe alikuwa amelazwa na homa hiyo hiyo. Aliyebaki ni Bwana Mganga Eusebius, peke yake, wodi imejaa mpaka watu wanalala chini ya vitanda vya wenzao. Hakuweza kumpima kila mtu. Akampa Pankras kanuni: anayeletwa kwa machela apite moja kwa moja mpaka barazani kwake, anayekuja kwa miguu akae benchi asubiri.

Kwa Wamatengo, wenyeji wa mlima huo, kanuni hiyo ilikuwa na akili yake. Kwao mgonjwa hatembei. Mtu akizidiwa, ukoo unakata miti miwili, unafunga blanketi katikati, vijana wanampokezana begani mpaka hospitali, na kumwacha atembee ni aibu ya ukoo mzima. Basi ukimwona mtu anaingia kwa miguu yake, unajua hali yake haijafika mbali. Kanuni hiyo ilifaa miaka yote ya nyuma. Lakini homa hii haikumlaza mmoja ikawaacha kumi wambebe. Iliwalaza wabebaji. Kwetu mume wangu alikuwa chini, mashemeji chini, jirani chini, na mimi nilikuwa nimesimama kwa sababu tu nilitangulia kuugua nikapona. Mama angebebwa na nani? Na mbuzi? Ikawa langoni hawapimi ugonjwa tena, wanapima ukubwa wa ukoo wako, na hakuna aliyeliona hilo ila sisi tuliokaa benchi.

Benchi lilikuwa limejaa. Mzee mmoja alisogea, akamwachia mama pale ukutani ambapo jua lilikuwa linapiga, yeye akahamia kivulini penye baridi. Jina lake Nazari, ametoka Liparamba na fimbo yake tu.

"Mzee, huna mtu wa kukusindikiza?" nikamwuliza.

"Ninaye mbwa," akasema. "Nyumbani kwangu ndiye pekee aliyebaki anasimama. Lakini kubeba machela amekataa."

Mama akacheka, na kicheko kikageuka kikohozi, na kikohozi hakikukatika. Nilipomshika mgongo nikasikia ndani ya mbavu zake kitu kinachochemka kama uji mzito. Nikaenda kwa Pankras, nikamwomba. Nikarudi, nikaenda tena. Mara ya pili aliinua fimbo, akanionyesha benchi.

Machela zikaendelea kupita. Moja ilimleta kijana aliyeteguka kifundo kwenye ngoro, yale mashimo ya shamba lake, anatafuna hindi la kuchoma, na akapita. Nilimwona kwa macho yangu haya. Hindi mkononi!

Halafu ukaja ukoo wa Mzee Osmund, mwenye mashamba ya kahawa, vijana wengi kuliko nafasi za kubebea. Wamembeba kaka yake, Romanus. Mti mmoja wa machela yao ulikuwa umepasuka njiani wakaufunga kwa kitambaa chekundu. Walipotupita, mkono wa mgonjwa ulikuwa unaning'inia, na nzi walikuwa wametua juu ya jicho na jicho halikupepesa. Benchi zima tuliona. Mzee Nazari akavua kofia.

"Huyo ameshafika kwake," akasema.

Bwana Mganga Eusebius alitoka mbio barazani. Akapiga magoti, akaweka mipira ya kusikilizia masikioni, akasikiliza kifua cha Romanus. Akainua kichwa.

"Sikiliza tena, Bwana Mganga," Osmund akasema. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayejua na hataki kujua.

Eusebius akasikiliza tena, polepole, kushoto na kulia. Msiba ni msiba, na mimi sina roho ya jiwe. Mzee Osmund alipokaa chini vumbini na kujifunika uso, nilimwonea huruma. Lakini huku mama yangu alikuwa anavuta pumzi fupi fupi, kichwa begani kwangu, na mtu pekee mwenye sindano alikuwa anaisikiliza maiti mara mbili. Hasira ilinipanda mpaka nikahisi meno yananiuma.

Vijana walikata miti mipya nyuma ya kanisa wamchukue marehemu wao. Ile ya zamani Osmund hakutaka hata kuiona. "Imetuchelewesha," alisema. "Hairudi nyumbani kwangu." Wakaiegemeza kwenye ua, nje ya lango, wakaenda zao wakilia na kukohoa.

Niliitazama ile machela. Kisha nikamtazama mwanamke aliyekaa upande wa pili wa mama, Theodosia, aliyemleta mama mkwe wake.

"Dada, una mabega?" nikamwuliza.

Akaelewa haraka, na akashtuka. "Wanawake hawabebi machela."

"Basi waite wanaume wako. Nawasubiri."

Halafu akasimama, akakaza kaniki yake kiunoni, akawagusa wanawake wengine wawili waliokuwa wamesindikiza wagonjwa wao. Tukamwinua mama, tukatoka naye langoni kama watu waliokata tamaa wanaorudi kwao, tukaichukua ile machela, tukazunguka nyuma ya ua wa minyaa.

"Nimepanda mlima wa Tingi kwa miguu yangu," mama akasema, "leo nibebwe kwa mwendo ambao hata kuku haumchoshi?"

"Lala, mama."

"Watu watasema nini?"

"Ukitaka kugombana nami utagombana kesho. Leo lala!"

Akalala. Tukainua. Sikujua machela inauma bega namna ile. Tulipofika langoni Pankras aliwatazama wabebaji, wanawake peke yao. Kisha akaitazama miguu ya mama, ambayo sasa ilikuwa hewani. Akasogea pembeni.

"Pitisheni."

Eusebius alipoweka mipira kwenye kifua cha mama uso wake ulibadilika. "Mapafu yote mawili! Leteni penisilini!" Akanigeukia kwa ukali. "Kwa nini mmechelewa hivi? Ninyi watu wa huko chini, mnasubiri mpaka mtu anakata roho ndipo mnamleta?"

"Tuko hapa tangu asubuhi," nikasema. "Pale. Kwenye benchi."

Alinitazama, lakini mikono yake ilikuwa kwenye sindano, na nyuma yake mtoto mmoja alikuwa analia, na nadhani neno langu lilipita tu. Akamchoma mama. Wakamtandikia mkeka chini ya kitanda cha mgonjwa mwingine, nikamfunika khanga yangu. Kikohozi kilikuwa kile kile, lakini alikuwa ndani.

Ningeweza kubaki naye. Nilikuwa nimepata nilichokijia, na Mungu anajua miguu yangu ilikuwa imekufa. Lakini nikafikiria lile benchi, na wale wanawake watatu walioumia mabega kwa ajili ya mama wa mtu mwingine, na Theodosia ambaye alikuwa amesimama mlangoni ananisubiri. Nikatoka.

Tukambeba mama mkwe wake. Tukambeba mwanamke mwenye mimba kubwa ambaye hakuweza tena kuinua kichwa. Kila mara tunatoka na mtu kwa miguu, tunazunguka minyaa, tunarudi naye begani. Mzee Nazari nilimfuata mapema, akanikatalia kwa mkono.

"Chukueni wenye watoto kwanza," akasema. "Mimi mbwa wangu anajua kujipikia."

Tulimchukua mwenye watoto. Tukamchukua na mwingine. Pankras si mjinga kiasi hicho. Safari hii alishika ule mti wenye kitambaa chekundu.

"Machela hii nimeshaiona."

"Umeiona," nikasema.

"Ni ya ukoo gani?"

"Ukoo wa benchi."

"Hakuna ukoo kama huo."

"Upo tangu asubuhi, na wewe ndiye uliyeuzaa. Tupishe, mtu ni mzito."

Alitupisha. Sijui kwa nini. Labda kanuni ilisema machela ipite, na hii ilikuwa machela.

Tuliporudi benchi lilikuwa limebaki na mtu mmoja wa zamani, wengine wote wageni waliofika baadaye. Mzee Nazari alikuwa amekaa vile vile kivulini, fimbo katikati ya magoti, kofia kichwani, kidevu kimeshuka. Theodosia alimgusa shavu, kisha akaondoa mkono wake taratibu.

"Avelina," akaniambia, "tumwache."

"Hatumwachi."

"Ameshakufa, dada."

"Nimeona. Shika huko."

Hatukuzunguka minyaa. Tulimlaza pale pale mbele ya Pankras, tukambeba mpaka barazani, tukamweka chini mbele ya Eusebius. Alikuwa anatoka wodini, macho mekundu, na yeye mwenyewe nadhani homa ilikuwa imemwanza. Alitazama mara moja tu, bila kuinama.

"Huyu amekufa."

"Msikilize," nikasema.

"Dada, nimesema huyu ame..."

"Yule wa Mzee Osmund ulimsikiliza mara mbili! Huyu naye ameletwa kwa machela. Kanuni ni yako, Bwana Mganga. Msikilize!"

Nilikuwa napiga kelele. Eusebius alisimama pale, akanitazama, akautazama ule mti wenye kitambaa chekundu, na nikaona ameukumbuka. Akapiga magoti. Akaweka mipira masikioni, akasikiliza kifua cha Mzee Nazari, kushoto, kulia, akakaa hapo muda mrefu kuliko inavyohitajika kwa mtu aliyekufa.

"Alikuwa wapi?" akauliza bila kuinua kichwa.

"Benchini. Ametembea kutoka Liparamba."

Akavua mipira, akaining'iniza shingoni. Hakuniomba radhi, na mimi sikuwa naitaka radhi yake. Alishuka ngazi za baraza, akavuka uwanja mpaka ukutani. Pankras alianza kumweleza jambo, akamkata kwa mkono, akachuchumaa mbele ya mtu wa kwanza kwenye benchi. Machela mbili zilikuwa zimesimama langoni na watu wake wananung'unika. Zikasubiri.

Niliingia wodini kwa mama. Alikuwa amefumbua macho, jasho limemtoka, na pumzi yake imetulia kidogo.

"Yule mzee aliyenipa nafasi ya jua," akasema. "Naye wamemwingiza?"

Nilimpangusa uso kwa ncha ya khanga.

"Ameingia, mama," nikasema. "Tumembeba."