Mtu Mmoja Juu ya Tairi ya Kushoto

Usiniambie hukuona. Umesimama hapo juu kwenye kona, chini ya michikichi, tangu saa kumi, mikono nyuma, na kila gari lile linapounguruma unageuza shingo kulitazama ziwa, kana kwamba ziwa limekuita kwa jina. Nakujua. Mwaka ule maji yalipopanda yakaingia nyumba za wavuvi pale Gatete, ulisimama hivyo hivyo, ukageuka hivyo hivyo. Ulifikiri nimesahau? Nimezaliwa kambi ya wakimbizi, Tanzania. Sikupewa kitu kingine cha kutunza, nimetunza kumbukumbu.

Basi kwa kuwa hutaki kutazama, nitakuambia kilichoko hapa chini.

Iko pikapu moja, rangi yake kama ndagala aliyetoka majini sasa hivi, imeshushwa chini, injini yake kubwa kuliko akili ya aliyeinunua. Imetoka Dubai. Dereva ni Qais, mfanyabiashara wa Bujumbura. Kando yake ameketi shangazi yake, Radhia, yule mwenye duka la vitambaa pale Minago. Na nyuma, ndani ya bodi, chini ya kitambaa cha kijani, kwenye jeneza, amelala Bibi Huda, mama yake Radhia, aliyefariki alfajiri ya leo.

Bibi aliomba jambo moja tu. Azikwe mjini Rumonge kando ya mume wake, na jua lisizame yeye akiwa bado juu ya ardhi. Imamu na wanaume wa msikitini wametangulia kwa pikipiki. Kaburi liko wazi, linamngoja. Zamani ilikuwa safari fupi. Lakini ziwa limekula lami, na sasa wote tunapita njia hii ya kando, udongo mwekundu unaopanda kati ya michikichi, na mvua imenyesha tangu adhuhuri. Sasa imekatika. Jua limetoka chini ya mawingu, limebakiza upana wa mikono miwili kufika milima ya Kongo.

Qais anakanyaga mafuta.

Sijawahi kusikia kitu kizuri na cha kijinga namna ile. Injini inaimba, sauti inakwenda juu ya maji na kurudi ikiwa imepoa. Tairi za nyuma zinazunguka mpaka mwendo wake hauonekani tena. Unadhani zimesimama, zinaelea. Matope yanapaa, yanashika mwanga, yanakuwa punje za dhahabu juu ya jeneza, na kwa kitambo nasahau kwamba tuko msibani. Halafu gari linazama kidole kimoja zaidi katika shimo lililojichimbia lenyewe.

"Farasi mia nne!" Qais anapiga kelele dirishani. "Farasi mia nne, na kilima cha mbuzi kinanishinda!"

"Papa, farasi wako wanaogelea!" anajibu Agneta, muuza mawese, bidoni lake la mafuta kichwani. "Wafundishe kutembea kwanza."

Watu wanacheka. Nasogea dirishani.

"Kijana, nguvu zote gari hii inazipeleka nyuma, na uzito wote iko mbele, kwenye injini. Tairi zako ni za lami, pana, laini kama kisogo cha mutoto. Ukiongeza mafuta unachimba tu."

"Wewe ni fundi?"

"Nilisoma kitabu kimoja cha ufundi kule kambini, jalada lilikuwa limeng'oka. Nilikirudia mpaka kurasa zikaisha mkononi."

"Labda jibu la leo lilikuwa kwenye jalada."

"Jibu la leo linapita hapa kila siku. Lori la mawese likijaa linapanda taratibu, kama mutama mwenye mkongojo anayeenda misa. Likirudi tupu, linateleza. Dereva anafanya nini? Anasimama hapa chini, anaomba watu wakae nyuma, wanampandisha mpaka juu, wanashuka, murakoze, asanteni, kila mtu na safari yake."

"Nyuma yupo bibi yangu."

"Najua. Mungu amrehemu, alikuwa mwepesi. Tairi hazijamsikia."

Qais anaondoa mguu kwenye pedali. Anatazama kwenye kioo kile kitambaa cha kijani, halafu anatazama miguu yetu, na matope yaliyofika magotini.

"Watu wakae wamebanana na maiti, na uchafu huu? Na wengine si hata Waislamu. Eka, mzee. Hapana."

Anakanyaga tena, kwa hasira safari hii. Moshi mweupe unatoka chini, unanuka raba iliyoungua, unapanda polepole kati ya michikichi na kukaa huko kama mtu aliyepata kivuli. Mkia wa gari unakwenda kulia, unakwenda kushoto, kama unatikisa mtoto alale. Jeneza linateleza shubiri moja kuelekea mlango wa nyuma.

Mlango wa mbele unafunguka. Radhia anashuka, viatu vinabaki kwenye tope, anakuja peku.

"Qais, zima."

"Shangazi, bado kidogo tu..."

"Zima, nimesema."

Anazima. Kunakuwa kimya mpaka tunasikia majani yakidondosha maji.

"Unamwona huyu mwenye mdomo mrefu? Anaitwa Venanti. Alipotoka Tanzania na mama yake Generoza na godoro moja, walilala uani kwa bibi yako miezi saba. Agneta naye alikuwepo. Walikuwa wengi, wamepangana chini kama ndagala kwenye mchanga. Bibi yako alikuwa akiamka kabla ya alfajiri kwenda kutawadha, anapita kati yao kwa ncha za vidole asimwamshe mtu. Leo hao wakikaa kando yake ndiyo kosa?"

"Sikusema kosa, shangazi."

"Umesema uchafu. Umesema matope. Yeye tunampeleka wapi, Qais, kama si udongoni?"

Qais anaweka paji la uso kwenye usukani. Anapoinua kichwa, hana tena ile sauti ya Bujumbura.

"Pandeni," anasema. "Tafadhali."

Mama yangu, Generoza, anatoka katikati ya watu, anatangulia. Anavua kandambili, anafuta nyayo zake kwa kanga, mguu mmoja, mguu wa pili, kama anaingia chumbani kwa mgonjwa. Agneta anapanda na bidoni lake. "Na haya mafuta yahesabiwe, yana uzito kuliko wewe, Venanti." Amisi, mvuvi, anakaa upande wa kulia na kushika jeneza kwa mikono miwili. Mimi nachuchumaa kwanza kwenye tairi za nyuma, natoa upepo kidogo kwa ncha ya kijiti, moja, halafu nyingine, mpaka zinaota tumbo na kulala vizuri juu ya udongo.

"Vua kiatu," namwambia Qais. "Uisikie pedali. Kanyaga kama bibi yako alivyopita uani kati ya watu waliolala."

Napanda. Gari linatembea.

Ningependa ungekuwepo, wewe uliye hapo juu. Hakuna kelele. Nimekaa juu ya ekseli yenyewe, ule mhimili wa tairi za nyuma, na chini yangu naisikia tairi ikishika ardhi, inaachia kidogo, inashika tena, kama mkono wa mtu anayepapasa gizani akiutafuta ukuta, akaupata. Michikichi inarudi nyuma mmoja mmoja. Kafuri inanuka. Na mimi tena nina miaka kumi na miwili, niko uani, macho nimefumba lakini silali, na pindo la buibui linapita juu ya uso wangu, linanigusa kope, linakwenda. Nasikia maji kwenye birika. Nafumbua macho, na Bibi Huda yuko hapa gotini kwangu, hana haraka, anapanda kilima na sisi. Mama yangu anamwimbia wimbo wa kanisani kwa sauti ndogo, na Amisi, ambaye ni Mwislamu, anatikisa kichwa kuufuata.

"Inapanda!" Qais anasema, kama mtoto. "Shangazi, inapanda!"

"Usiseme nayo. Iache."

Hivyo ndivyo tulivyofika kwenye kona. Kwako.

Na hapa kwenye kona iko chemchemi, unaijua, unaikanyaga kila siku. Tairi ya kushoto imeingia ndani yake, na gari limesimama.

Nisikilize, maana hili halipo kwenye jalada wala kwenye kitabu kizima. Kati ya tairi mbili za nyuma kuna difu, ndiyo inayogawa nguvu. Na difu ina ujinga wake. Tairi moja ikikosa mahali pa kushika, nguvu yote inakimbilia kwa hiyo hiyo isiyofanya kazi. Sasa ya kushoto inazunguka majini peke yake, inacheka, inarusha maji. Ya kulia iko juu ya udongo mzuri, mgumu, iko tayari kutupeleka mpaka makaburini, na imekaa kimya kama jiwe. Haipati kitu. Hata ingetaka, haipati. Itapata pale ya kushoto itakapokandamizwa chini ifike kwenye mwamba, nayo ishike.

Tumehamia wote kushoto. Agneta amelikalia bidoni lake kwenye kona ya bodi. Radhia mwenyewe ametoka kiti cha mbele, amepanda, ameegemea ubavu wa jeneza, mkono wake uko juu ya kitambaa, kifuani kwa mama yake. Qais anagusa mafuta kwa kidole gumba cha mguu. Tairi inashika. Gari linasogea upana wa kiganja. Tairi inaachia.

"Tena," nasema.

Inashika. Inaachia.

"Bado mtu mmoja," Qais anasema, na machozi yanamtoka bila aibu. "Ndugu zangu, mtu mmoja tu."

Jua limebakiza vidole viwili. Kule Rumonge wanaume wamesimama kuzunguka shimo, makoleo mikononi, wanatega sikio barabarani.

Sasa nasema na wewe. Weka simu mfukoni. Usiniulize ni nani alipaswa kuitengeneza hii barabara. Hilo nitakuuliza mimi kesho, na nitakuuliza kwa jina lako. Usiniambie mgongo unauma. Sihitaji nguvu zako, hutasukuma, hutachimba. Nahitaji kilo zako, hizo ulizozileta hapa bila kuzitumia kwa lolote. Amisi amekwisha sogea. Iko nafasi moja, hapa, juu ya tairi ya kushoto, upana wa makalio yako. Weka mguu kwenye bampa. Nipe mkono. Panda. Si baadaye. Panda sasa.