Kipanga wa Hotelini

Kijiji kizima cha Ngao kilikuwa kimechoka na hadithi za Mzee Hiribae, na mjukuu wake Elsie ndiye aliyechoka kuliko wote. Koti jeupe, hoteli ya Mombasa enzi za mkoloni, yeye akipiga marimba ya chuma polepole huku wazungu wakinywa. Walitaka muziki wa msituni, basi katikati ya nyimbo akawaigizia ndege kwa mdomo wake mwenyewe. Nani angethibitisha? Meno yalikuwa yamekwisha, na mluzi ukaenda nayo.

Asubuhi moja Elsie na babu walikuwa juu ya dungu, jukwaa la miti, wakiamia ndege wasile mpunga shambani. Kwelea walijaa kwenye masuke ya mpunga, na Elsie alipiga debe mpaka mkono ukafa ganzi. Ndipo akakumbuka kwamba mtu fulani aliiweka mtandaoni santuri ya zamani yenye jina la babu. Akaifungua kwenye simu, akaunganisha spika, angalau mzee achangamke.

Marimba ikalia taratibu, laini kama maji ya mto usiku wa kiangazi. Kisha, juu yake, kipanga akapiga ukelele.

Shamba zima likainuka. Kwelea waliruka kwa pamoja, mpunga ukalala kwa upepo wa mabawa yao, wakavuka Mto Tana wasigeuke. Elsie alikodoa macho angani akimtafuta kipanga. Mbingu ilikuwa tupu. Akageuka kuitazama spika, kisha babu yake.

Mzee Hiribae alikuwa akitabasamu kwa ufizi mtupu.

"Wazungu walipiga makofi," akasema. "Hawa wameamini."