Kiti cha Kulishia Bosi

Ndugu yangu hanunui kiti kabla hajakigeuza miguu juu. Yeye ni fundi wa makochi, mimi ni dada yake mkubwa na ndiye ninayemshonea vitambaa, kwa hiyo tangu tunatoka nyumbani nilijua kwamba dukani tutaaibika. Mkewe alijua pia. Alimbeba mtoto akatutangulia hatua kumi, kama mtu asiyetufahamu.

Tulikuwa tunakwenda kununua kiti cha kulishia mtoto, vile virefu vyenye trei mbele na mkanda kiunoni. Mtoto alikuwa na miezi saba na alipaswa awe ameshaanza kula. Kliniki walimwambia wifi yangu aanze kumpa chakula laini akifikisha miezi sita. Lakini kila alipompakata na kumlisha boga lililopondwa, mtoto alimponyoka mikononi, boga likaishia shingoni, na wifi mwenyewe akaishia kulia. Likizo yake ya uzazi, aliyoiongezea ya bila malipo, ilibaki wiki mbili. Ndugu yangu akasema dawa ya yote hayo ni kiti.

Mtoto huyo tunamwita Bosi, kwa sababu alizaliwa na kipara na uso wa mtu anayesubiri ripoti. Jina lake la kwenye cheti analitumia mama yake tu, tena akiwa amekasirika.

Duka lilikuwa ghorofani. Viti vilipangwa ukutani, vinane, na muuzaji alikuwa dada mmoja mpole mwenye miwani iliyoning'inia kifuani kwa uzi. Upole wake ulianza kupungua ndugu yangu alipokigeuza cha kwanza.

"Hii plastiki ya beseni," ndugu yangu akasema. Hata hivyo wifi akamweka Bosi ndani, akamfunga mkanda. Bosi akainama upande wa kulia, taratibu, mpaka sikio likagusa ukingo wa kiti.

"Kipana mno," ndugu yangu akasema.

Cha pili kilikuwa cha mbao, na maungio yake aliyakubali. Bosi akaenda mbele, kidevu kikatua juu ya trei. Ndugu yangu akasema mgongo wa kiti umesimama mno. Cha tatu kilikuwa cha kukunja, chenye sponji, na Bosi akadidimia humo hadi macho yakabaki peke yake. Ndugu yangu akaibonyeza sponji kwa dole gumba, akatangaza kwamba ilikufa kabla haijazaliwa. Cha nne kilikuwa na magurudumu na sitaki kukizungumzia.

Tulipofika cha tano, muuzaji akavaa miwani yake. "Samahani, mtoto ana miezi mingapi?"

"Saba," wifi akajibu.

"Labda bado hajawa tayari kukaa. Wengine huchelewa kidogo. Mngemuuliza nesi kwanza, kiti hakikimbii."

"Dada yangu," ndugu yangu akamwambia muuzaji, "mtoto hana tatizo. Viti vyenu ndivyo vyenye tatizo."

Hapa inabidi nieleze, maana mtu anaweza kudhani ndugu yangu ni mjinga. Si mjinga. Marehemu baba ndiye aliyetufundisha kazi, sote wawili, na alikuwa na sharti moja tu: mteja akikaa vibaya, kosa ni la kiti. Humwambii mtu kwamba mgongo wake umepinda wala kwamba amenenepa. Unaongeza sponji hapa, unapunguza pale, unachomeka kabari chini ya nyonga, naye anakaa kama waziri. Tumekalisha wazee waliopooza upande mmoja, tumekalisha mama mmoja aliyekuwa hajakaa bila maumivu miaka minne, na huyo alitushika mikono akalia. Miaka thelathini tumekula kwa sharti hilo. Ukishazoea kuona kila mwili uko sawa, hata ukioneshwa usio sawa unatafuta kiti.

Lakini wakati viti vikigeuzwa miguu juu, Bosi nilikuwa nimempakata mimi. Mikono yangu hupima kutwa. Hukata kitambaa bila chaki. Mtoto wa miezi saba ukimshika husukuma, hujinyoosha, hutaka kukuvunja pua. Bosi hakusukuma. Mgongo wake ulilegea viganjani mwangu, mzito na wa moto, akanitazama kwa ule uso wake wa ripoti. Nikampa mama yake, nikaanza kusifia rangi ya kiti cha mbao.

Tukanunua cha mbao. Tulipofika karakana, ndugu yangu akakiweka juu ya meza, akakizunguka mara mbili.

"Dada, nikatie sponji ya inchi mbili. Vipande viwili, kulia na kushoto."

Nikakata, nikavishonea foronya. Bosi akawekwa katikati, akakaa wima kama mtu aliyekwenda kupiga picha ya pasipoti. Wifi akaleta boga. Bosi akala kijiko kimoja, akakunja uso, akafungua mdomo tena. Alikula vijiko sita. Wifi alicheka mpaka akakaa chini sakafuni, kwenye vumbi la misumari na pamba, na gauni lake jeupe. Nami nilicheka. Siku ile tulifurahi kwelikweli, na sitaki mtu aseme hatukufurahi.

Likizo ikaisha, wifi akarudi kazini kwake, ofisi ya kusajili magari, na Bosi akawa anashinda nasi karakana. Alikaa kitini asubuhi mpaka jioni akitutazama tunavyogonga na kushona. Wiki ya tatu kichwa kikaanza kulala nyuma, nikaambiwa nikate kipande cha kisogo. Wiki ya tano tukamwekea kabari chini ya mapaja, asiteleze. Kisha ukaja mkanda wa kifuani, mpana, wa mahameli nyekundu iliyobaki kwenye kochi la mteja. Kiti kikawa kizuri ajabu. Watu wawili walituuliza kama tunatengeneza vya kuuza.

Siku moja nilimtoa ili nifue foronya. Nikamkalisha juu ya meza ya kukatia, nikamshika makwapani, kisha nikalegeza mikono kidogo tu. Alijikunja kama nguo iliyoponyoka kwenye hanga. Ndugu yangu alikuwa amenipa mgongo, anachagua vitambaa ambavyo alishavichagua asubuhi. Nikamrudisha Bosi kitini, nikafunga mkanda, nikafua foronya.

Alipofika miezi tisa ikawa zamu ya chanjo. Wifi hakupata ruhusa, ndugu yangu alikuwa na viti vya ukumbi wa mikutano vinavyotakiwa Ijumaa, kwa hiyo kazi ikaniangukia mimi. Wifi alinikabidhi kadi ya kliniki mlangoni, mkoba tayari begani.

"Wifi, wakiuliza kama anakaa, waambie anakaa. Mwezi uliopita niliwaambia anakaa."

"Na anakaa?"

"Kwenye kiti anakaa." Akafunga zipu ya mkoba, akaifungua, akaifunga tena. "Ukisema hapana watamwandika. Likishaandikwa hilo, wifi yangu, halifutiki. Atakuwa mtoto mwenye tatizo mpaka anakwenda shule."

"Sawa," nikamwambia. Nilikuwa namaanisha.

Nesi alikuwa mfupi, mikono ya sare ameikunja mpaka kwenye viwiko, na nyuma yetu kulikuwa na foleni iliyofika hadi nje. Akampima Bosi uzito, akaridhika.

"Bibi, mtoto anakula."

"Mimi shangazi."

"Haya, shangazi. Anakaa mwenyewe?"

Kalamu yake ilikuwa tayari imeshatangulia kwenye kisanduku. Ilikuwa niitikie kwa kichwa tu, achomwe sindano, tuondoke. Na mimi nimeitikia kwa kichwa mambo makubwa zaidi ya hilo maishani mwangu. Lakini Bosi alikuwa mapajani mwangu, ameniegemea kifua kizima, na nilikuwa nimemshika kwa mikono yote miwili kwa namna ambayo mtu hamshiki mtoto wa miezi tisa. Nikaona haya. Sikumwonea haya nesi, nilimwonea haya yeye Bosi.

"Hakai," nikasema.

Nesi akatazama kadi. "Hapa imeandikwa anakaa."

"Ana sponji nne na mkanda. Nikizitoa anaanguka. Nimezikata mwenyewe, kwa hiyo najua."

Akaiweka kalamu chini. Nilijitayarisha kwa maneno makali, hayakuja. Alimlaza Bosi kwenye mkeka, akamkunja miguu, akamvuta mikono, akamgeuza kifudifudi, akamwita kwa mlio wa funguo upande huu na upande ule. Foleni ikaanza kunung'unika, yeye hakugeuka. Alipomaliza alinieleza polepole, kama ninavyowaeleza wateja tofauti ya sponji na pamba. Mgongo na shingo vina udhaifu. Sababu bado haijulikani. Alhamisi atamwona mtaalamu wa mazoezi ya viungo. Wengi huwafikia wenzao, wengine huchukua muda mrefu, na yeye hawezi kuniahidi lolote.

"Na kile kiti?" nikauliza.

"Wakati wa kula kitumieni, ni vizuri akiegemezwa, asipaliwe. Lakini siku nzima, hapana. Kile kiti kinamfanyia kazi yote. Awekwe chini, alale kifudifudi, ajaribu kukaa, aanguke kwenye kitu laini, ajaribu tena." Akaandika, akasita. "Ningefurahi kama ningempata miezi miwili iliyopita."

Hilo alilisema bila hasira, na ndilo lililonichoma kuliko sindano ilivyomchoma Bosi.

Nilimkuta ndugu yangu amepiga magoti mbele ya kiti cha ukumbi, mdomo umejaa misumari. Ndivyo mafundi wa makochi wanavyofanya kazi, misumari mdomoni, nyundo mkononi. Nikamwambia kila kitu, nimesimama, Bosi begani. Yeye akaanza kutoa misumari mdomoni, mmojammoja, akiidondosha kwenye kopo. Ilikuwa mingi. Nilingoja.

"Ulijua lini?"

"Dukani."

"Kiti cha ngapi?"

"Cha pili."

Akautoa msumari wa mwisho, akaufuta kwenye suruali. "Na ukakata sponji."

"Nikakata."

"Mbona ulikata, dada?"

Ningeweza kumjibu kwamba yeye ndiye aliyeniomba. Lilikuwa jibu la kweli na lisingenisaidia. "Alikula," nikasema. "Mkeo alicheka. Sikutaka niwe mimi wa kulisema."

Akalisogeza kopo la misumari pembeni.

"Mimi cha tatu," akasema.

Hatukugombana. Nadhani wote wawili tulikuwa tumejiandaa kugombana na sasa hatukuwa na mtu wa kugombana naye. Tulisogeza viti vya ukumbi ukutani, tukafagia, tukatandika godoro jembamba sakafuni na shuka juu yake. Nikamwonesha nilivyooneshwa: mkalishe, miguu mbele, viganja vyake chini, kisha uachie na uhesabu, mikono yako iwe karibu lakini isimguse.

Ndugu yangu hawezi kuachia. Bosi alipoanza kuyumba, mikono ya baba yake ilishafika kabla hajayumba sawasawa, mmoja kulia, mwingine kushoto.

"Mwachie."

"Ataanguka."

"Ndiyo, ataanguka. Mwachie."

Akamwachia. Bosi akaanguka ubavu, akatushangaa, akaanza kulia. Ndugu yangu uso ulimbadilika, nikadhani atamnyakua na kumrudisha kwenye mahameli yake. Badala yake akalala chini, shavu kwenye shuka, macho kwa macho na mwanawe, akamwambia maneno ambayo sikuyasikia. Kisha akamkalisha upya. Safari hii aliiweka mikono yake nyuma ya mgongo wake mwenyewe, kidole kimekamata kidole.

Wifi akaingia wakati huohuo, ametoka kazini. Alisimama mlangoni. Akaona kiti kitupu pembeni, mkanda unaning'inia. Akaona kadi ya kliniki juu ya cherehani yangu, imefunguliwa. Akamwona mwanawe katikati ya godoro, viganja chini, peke yake, bila kitu kulia wala kushoto, halafu akamwona anaanguka na baba yake hamshiki.

Alinitazama mimi. Nilitazama nilipoweza, miguuni kwake. Niliona aibu, kwa sababu asubuhi nilikuwa nimemwambia sawa.

Wifi akauweka mkoba juu ya meza ya kukatia, akavua viatu, akaja akakaa sakafuni upande wa pili wa mtoto. Alivuta gauni likafunika magoti.

"Amekaa mpaka ngapi?" akauliza.

"Mbili," ndugu yangu akasema. Kisha, kwa kuwa mkewe aliendelea kumtazama, akasema kweli yote. "Haikufika mbili."

Wifi akamfuta Bosi machozi kwa kiganja, akamnyoosha miguu, akamweka viganja chini.

"Moja," akasema, na akaachia.